Saladi ya Jodari Sawa, Lakini Kinoa ya Nini Garsen?

Wasee wangu, wacha niseme hii mapema ndio tusisumbuane kwenye komenti: mimi sina ubaya na saladi. Sina ubaya na jodari wa kopo. Pilipili ndiyo kabisa, chakula bila pilipili mimi hukiona kama uji wa mgonjwa. Shida yangu ni moja tu. Kuna imani imetuingia ati ukitaka kula vizuri, lazima kwenye bakuli kuwe na kinoa.

Mnazijua zile video. Jiko jeupe, kopo la jodari linafunguliwa, kinoa inamwagwa, parachichi linakatwa, sosi ya pilipili juu, kisha maandishi: chakula cha afya. Zinapendeza, siwezi kudanganya. Lakini kijana wa Garsen, Hola ama Kipini akitazama, anajifunza nini? Anajifunza kwamba afya inauzwa supamaketi ya Nairobi, na kwamba yeye na soko lake la samaki na maembe bado hajafika. Hapo ndipo naudhika.

Hebu tuijue kinoa kwanza. Ni mbegu ya milima ya Andes, kule Bolivia na Peru. Wenyeji wameilima kwa maelfu ya miaka. Wahispania walipokuja kuwatawala wakaidharau, ikaonekana chakula cha watu wa milimani, chakula cha maskini. Miaka mingi baadaye Marekani na Ulaya wakaipenda ghafla, Umoja wa Mataifa ukautangaza 2013 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Kinoa, bei ikapanda mno, halafu baadaye ikaporomoka. Yaani mbegu ni ileile, kilichobadilika ni nani anaisifu.

Sasa skiza hii. Umoja huohuo uliutangaza 2023 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa nafaka za jamii ya wimbi na uwele, na mtama ukahesabiwa humo. Hizo ni zetu! Mtama asili yake ni Afrika, upande wa Sudan. Wimbi ni la nyanda za juu za Afrika Mashariki. Nani kati yetu aliposti bakuli la mtama mwaka huo? Nyumba nyingi mtama umebaki kuwa unga wa uji wa mtoto, ama chakula cha nyanya mtu anachokitaja akicheka. Kwani tunangoja mzungu auonje kwanza ndio tuuone ni mtamu?

Najua mjuaji mmoja tayari anaandika: lakini kinoa ina protini kamili. Kweli kabisa, na nataka tulijibu kwa heshima. Gramu 100 za kinoa kavu zina protini kama gramu 14, mtama una kama 10 ama 11. Tena kinoa ina aina zote 9 za amino asidi ambazo mwili hauwezi kujitengenezea, wakati mtama una upungufu wa moja inayoitwa laisini. Hapo kinoa imeshinda, nakubali.

Lakini saladi yetu inaitwaje? Saladi ya jodari. Samaki amejaa laisini, na gramu 100 za jodari wa kopo zina karibu gramu 25 za protini. Kunde nazo zina laisini ya kutosha. Kwa hiyo lile pengo la mtama linazibwa na samaki palepale kwenye bakuli. Kuongeza kinoa kwa sababu ya protini kwenye chakula kilichojaa samaki ni kama kubeba mtungi wa maji kuupeleka Mto Tana. Na kama unakimbia gluteni, mtama hauna, sawa tu na kinoa.

Tuje kwa samaki. Mto Tana unaingia baharini pale Kipini, na pwani yetu ina jodari. Msimu wa kaskazi bahari imetulia, wavuvi wa mashua ndogo wanatoka. Kusi ikivuma, bahari inachafuka na samaki mbichi wanapungua. Hapo kopo linasaidia, sitalitukana. Ila ligeuze usome limetoka nchi gani, kwa sababu jodari wa Bahari ya Hindi huvuliwa sana na meli kubwa za mataifa ya mbali, halafu tunauziwa samaki ndani ya bati. Ukikosa jodari, kambare na perege wa mtoni wako hapahapa. Mchome kambare, mchambue, mtoe miba, umeshamaliza. Na kama kwenu ni watu wa ng'ombe na samaki haingii nyumbani, weka mayai ya kuchemsha na kunde. Bakuli halimfukuzi mtu.

Haya, mapishi. Watu watatu mnashiba.

Chukua kikombe 1 cha mtama mzima, si unga. Ukipata mweupe ni bora, mwekundu una ukakasi kidogo. Upepete, utoe mawe, uoshe, uuloweke usiku kucha. Asubuhi mwaga maji hayo, uchemshe kwa vikombe 3 vya maji na chumvi kidogo, kama dakika 50. Onja: uwe laini lakini bado unatafunika. Chuja, uache upoe.

Kwenye bakuli kubwa weka kitunguu maji 1 kilichokatwa vyembamba na kuoshwa kwa chumvi, nyanya 2, tango 1 na dania kiganja kimoja. Kata embe bichi 1, lile gumu lenye uchachu, vipande vidogo vidogo. Ongeza kikombe cha kunde zilizochemshwa kama zipo. Fungua kopo la jodari, umwage maji yake ama mafuta yake, umvunjevunje.

Sasa moto wenyewe: pilipili mbuzi 1, ikatwe ndogo kabisa. Kama we ni mgeni wa pwani toa mbegu, kama ni wetu ziache. Isage na chumvi, kamulia ndimu 2, ongeza kijiko 1 kikubwa cha mafuta, koroga, mwagia kila kitu. Nawa mikono kabla hujagusa macho, tafadhali!

Ndimu na embe hapo hazikuja kwa ladha tu. Mtama na kunde zina madini ya chuma, lakini ni aina ambayo mwili huichukua kwa shida, na vitamini C husaidia iingie. Masista zangu, hili litieni maanani. Yaani lile embe la pilipili na chumvi tulilokua tukinunua nje ya shule lilikuwa na akili kuliko tulivyodhani. Jambo la mwisho: kama hamna friji, pika kinachotosha mkile siku hiyohiyo. Joto la Garsen halina huruma na samaki aliyelala.

Sasa mtu atauliza, kwani Bro, si ni chakula tu, mbona makasiriko? Kwa sababu ni zaidi ya bakuli. Mafuriko ya mwisho wa 2023 na yale ya 2024 yalifunika barabara ya Garsen kwenda Lamu karibu na Gamba, magari yakakwama. Ukiwa na chakula kinachokuja kwa lori pekee, barabara ikikatika na wewe umekatika. Ukame nao ukija, mahindi ndiyo yanalia kwanza, mtama unavumilia. Halafu tunapanga foleni ya unga wa msaada, tukiwa tumeketi kando ya mto mrefu kuliko yote Kenya, kwenye udongo ambao Wapokomo wameulima kwa kufuata maji yanavyojaa na kupwa tangu zama za mababu.

Mkulima hapandi kitu ambacho hakuna mtu anakiuliza. Maembe yetu yenyewe tunaona vile madalali huyachukua kwa bei ya kutupa. Sisi vijana wa mjini, wenye simu na kamera, ndio tunaamua kitu gani kinaonekana cha maana. Kila video ya chakula ni tangazo, hata kama hakuna aliyekulipa. Basi kwa nini tangazo langu liende Bolivia?

Simkatazi mtu kinoa. Kama unayo na pesa unayo, kula kwa raha zako, ni mbegu nzuri na waliyoitunza wanastahili heshima. Ninachokataa ni mtu wa Garsen kuambiwa hawezi kula vizuri mpaka aipate.

Kwa hiyo kazi ya wiki hii ni ndogo. Nenda dukani kwenu uulize mtama mzima. Wakikupa wa unga, sema hapana, nataka mzima. Tukiuliza watu 10 wiki moja, wa 11 ataukuta kwenye rafu. Ukipika, weka picha, taja mtaa wako na pilipili uliyotumia. Na aliyetoa mbegu za pilipili mbuzi aseme ukweli, tutamjua tu.