Nani atamwokoa mwokoaji?

Ukisikia mtu amefia ndani ya shimo la choo au kisima, uliza walikufa wangapi. Mara nyingi si mmoja. Wa kwanza alishuka kutoa ndoo iliyodondoka, wa pili akashuka kumwinua mwenzake, wa tatu, ambaye aghalabu ni ndugu wa damu, akawafuata. Hao wawili wa mwisho hawakuwa wagonjwa wala wazembe. Walikuwa vijana wenye nguvu waliosikia mwenzao ameacha kuitika.

Taasisi ya Marekani inayoshughulikia afya na usalama kazini, NIOSH, ilieleza miaka ya 1980 kwamba zaidi ya asilimia 60 ya wanaokufa katika mashimo, matangi na sehemu nyingine finyu ni watu waliokwenda kuokoa. Kitabibu hilo halishangazi. Hewa tunayovuta ina oksijeni karibu asilimia 21. Ikishuka chini ya 10, mtu anazimika ghafla, na ikishuka chini ya 6 anaweza kufa ndani ya dakika chache. Kukosa oksijeni hakuumi. Hakuna kinachokuambia rudi. Gesi ya vyoo nayo ina hila yake: ikiwa kidogo inanuka kama yai viza, ikiwa nyingi inalemaza pua, hivyo anayeshuka anadhani harufu imeisha kumbe ndiyo imezidi. Na pampu ya petroli ikishushwa ndani ya duara ili kuvuta maji, inajaza humo hewa ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu.

Nayasema haya nikiwafikiria watu wa Karagwe na Kyerwa. Kyerwa wanachimba madini ya bati tangu enzi za ukoloni, na wachimbaji wadogo bado wanashuka kwenye maduara kwa kamba. Visima na vyoo vya shimo viko kila kitongoji. Shule za bweni zipo, na hatujasahau usiku wa kuamkia Septemba 14, 2020, moto ulipoteketeza bweni la shule ya msingi ya Byamungu wilayani Kyerwa na kuua wanafunzi 10. Katika matukio kama hayo tunauliza, na ni haki yetu kuuliza, zimamoto walifika saa ngapi. Swali ambalo sisikii likiulizwa ni hili: askari akiingia ndani ya moshi akapotea, nani amesimama nje tayari kumfuata?

Mkoa wa Kagera una mfano wake. Ndege ya Precision Air ilipoanguka Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba, Novemba 6, 2022, ikiwa na watu 43, wavuvi ndio waliofika kwanza. Watu 24 walinusurika, 19 walikufa. Kijana mvuvi Majaliwa Jackson alisaidia kufungua mlango wa nyuma, kisha akajaribu kuwafikia marubani. Kwa maelezo yake mwenyewe, kamba ilikatika ikampiga usoni, akapoteza fahamu na kuzindukia hospitalini. Tulimshangilia, akaajiriwa na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kwa agizo la Rais, na alistahili. Lakini pale majini, kwa muda fulani, mwokoaji alikuwa majeruhi mwingine anayehitaji kuokolewa. Angezimia mahali pasipo na mtu wa kumwona, leo tungekuwa tunamtaja kwa namna nyingine.

Wenzetu wenye magari mengi na mitungi mingi ya hewa nao wamejifunza kwa misiba. Desemba 3, 1999, huko Worcester, Marekani, askari wawili waliingia kwenye ghala lililokuwa likiungua kuwatafuta watu waliodhaniwa kuwa ndani. Wakapotea kwenye moshi. Wenzao wanne waliokwenda kuwatafuta hawakurudi pia. Wote sita walikufa. Machi 2001, Phoenix, askari Bret Tarver alikufa ndani ya duka kubwa lililoungua, na idara yake ikaamua kupima jambo ambalo kila mtu alidhani analijua. Walifanya mazoezi ya kumtoa askari mmoja aliyenasa, tena na tena, wakashika saa. Ilihitajika wastani wa askari 12 kumtoa mmoja. Ilichukua wastani wa dakika 21. Mtungi wa hewa mgongoni ulidumu wastani wa chini ya dakika 19. Na katika kila waokoaji watano, mmoja alipatwa na matatizo yeye mwenyewe. Hesabu hizo zinatisha, lakini bora zikutishe mazoezini.

Kuna watakaosema, daktari, sisi hata gari la maji ni la kusubiri, wewe unatuletea kikosi cha pili cha kukaa nje? Naelewa. Ila uchache ndio unaofanya jambo hili liwe la lazima. Kikosi cha watu sita kikipoteza mmoja, wengine wote wataacha moto na kumkimbilia mwenzao. Hapo hakuna tena anayezima wala anayeokoa watoto. Marekani wana kanuni kwamba wawili wakiingia, wawili wabaki nje wakiwa wamevaa kamili, isipokuwa pale ambapo maisha ya mtu yanajulikana kuwa hatarini papo hapo. Wawili si 12, lakini ni mwanzo, na hakuna bajeti ya ziada inayohitajika ili mtu ashike kamba na daftari: fulani kaingia saa ngapi, kupitia mlango upi, hewa yake inakwisha saa ngapi.

Kigumu ni moyo. Mbele ya bweni linaloungua, wazazi wanalia, umati unapiga kelele "ingieni!", na askari amesimama kwa sababu zamu yake ni kusimama. Atatukanwa. Huenda atapigwa mawe. Utulivu wa namna hiyo hauji kwa semina ya siku moja ukumbini Kayanga. Unakuja kwa kufunikwa macho na kutafuta mwenzako ndani ya jengo tupu kwa kupapasa ukuta, kwa kumburuta mtu mzima aliyelegea na mtungi wake mgongoni, kwa kuzoea kusema "nimenasa" kwenye simu ya upepo mapema, kabla hewa haijaisha. Wanaume wengi, mniwie radhi, huona aibu kulisema neno hilo.

Kama daktari nina nyongeza mbili. Marekani, karibu nusu ya vifo vya askari wa zimamoto kazini ni vya moyo kusimama ghafla. Joto, mavazi mazito na hofu hupandisha mapigo kupita kiasi. Askari apimwe shinikizo la damu na sukari kila mwaka, na baada ya kuokoa mwenzake akae kivulini, anywe maji, aangaliwe. Pili, kile kipimo cha kubana kidoleni kinadanganywa na moshi: kinaisoma kaboni monoksidi kana kwamba ni oksijeni na kuandika 99. Mtu aliyetoka kwenye moshi akiwa na kichwa kizito au maneno yasiyoeleweka apewe oksijeni kwa wingi bila kujali namba. Akivuta hewa ya kawaida, sumu hupungua kwa nusu kwa saa nne hadi sita. Akipewa oksijeni tupu, ni takriban saa moja hadi moja na nusu.

Kwa hiyo zoezi la pamoja lihusishe zimamoto, wachimbaji wa Kyerwa wanaoyajua maduara yao kuliko sisi wote, mgambo, na wauguzi wa Nyakahanga na Isingiro. Kamati za maafa za wilaya zipo. Zoezi lianzie shimoni na liishie wodini, saa ikishikwa.

Nawe msomaji, ukifika kwenye shimo mwenzako akiwa kimya humo ndani, usishuke. Piga 114. Zima pampu yoyote iliyo karibu, zuia wengine wasishuke, na teremsha kamba yenye kitanzi endapo bado anaitika. Mtu wa kushuka ni yule mwenye hewa yake mgongoni, aliyefungwa kamba kiunoni na mabegani, na mwisho wa kamba hiyo uwe mikononi mwa watu waliobaki juu.