TAMKO KWA UMMA KUHUSU MIRADI YA USANIFU YA VIKUNDI KATIKA SHAHADA ZA UHANDISI

Sisi, wanachama wa chama cha wahadhiri na wahandisi tunaosimamia miradi ya wanafunzi wa shahada ya kwanza nchini Tanzania, tunatoa tamko hili kwa wakuu wa vyuo, Tume ya Vyuo Vikuu, Bodi ya Usajili wa Wahandisi, waajiri na wanafunzi wenyewe.

1. HALI ILIVYO

Mwanafunzi wa uhandisi afikapo mwaka wa nne hukabidhiwa mradi wa usanifu. Wengi huufanya peke yao. Pale wanapopangwa watano, mara nyingi wawili ndio wanaokesha karakanani, na waliobaki huchangia hela ya kuchapa ripoti. Siku ya kuwasilisha wote huvaa suti, na wote huondoka na alama zilezile. Mabwenini wana neno lao kwa hilo: fulani amebebwa. Sisi tunaosahihisha huwatambua waliobebwa kwa swali la pili tu, na bado tumekuwa tukiwapitisha. Kosa hilo tunalikiri kuwa letu kabla halijawa la wanafunzi.

Kazini mambo hayaendi hivyo. Anayechora nguzo za daraja hutegemea vipimo vya udongo alivyochukua mwingine, na hesabu zake hukaguliwa na wa tatu. Mhitimu ambaye hajawahi kubishana na mwenzake juu ya unene wa nondo, wakapima, mmoja akakubali kuwa amekosea, atakwenda kujifunza hayo kwa gharama ya mteja.

2. YALIYOKWISHA KUFANYIKA

Mwaka 2010, timu ya wanafunzi wa shahada ya kwanza wa Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, ilipewa tatizo la watoto wachanga wanaoshindwa kupumua katika hospitali zisizomudu mashine za bei kubwa. Walitengeneza mashine yao ya kwanza kwa pampu za kupuliza hewa katika matangi ya samaki wa mapambo. Ilifanyiwa marekebisho kisha ikajaribiwa katika Hospitali Kuu ya Queen Elizabeth, Blantyre, Malawi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kuwa asilimia 71 ya watoto waliotibiwa kwa mashine hiyo walipona, ikilinganishwa na asilimia 44 ya waliopewa oksijeni ya kawaida ya puani. Leo mashine hiyo inaitwa Pumani.

Tunaitaja kwa sababu mbili. Kwanza, tatizo lilitoka wodini, halikutungwa ofisini kwa mhadhiri. Pili, wanafunzi walihitimu wakaondoka, na kazi ikaendelea mikononi mwa wengine, kwa kuwa iliandikwa na kujengwa kwa namna ambayo mtu mwingine angeweza kuipokea. Mradi unaokaa kichwani mwa mtu mmoja hufa siku ya mahafali.

Utaratibu huu si mgeni duniani. Chuo cha Harvey Mudd, Marekani, kimekuwa kikikabidhi timu za wanafunzi matatizo halisi ya viwanda tangu mwaka 1963.

3. MSIMAMO WETU

Wapo wanaosema mradi wa mtu mmoja ndio unaompima mtu. Hoja hiyo ina uzito wake, kwa kuwa kundi ni kichaka kizuri cha kujifichia. Dawa ni kukifyeka kichaka hicho. Kwa hiyo tunataka:

(a) Usanifu wa vikundi uanze mwaka wa kwanza, kwa kazi ndogo kama mashine ya mkono ya kupukuchua mahindi. Mwaka wa nne ni kuchelewa mno kujifunza kugawana kazi.

(b) Tatizo liwe na mwenyewe: hospitali ya wilaya, jumuiya ya watumia maji, wakulima wa mwani wa Zanzibar. Mwenye tatizo aalikwe siku ya tathmini, naye aulizwe kama kifaa kinamfaa.

(c) Angalau nusu ya alama iwe ya mtu binafsi. Kila mwanafunzi awe na daftari lake la usanifu linalosainiwa kila wiki. Wanakikundi wapimane kwa siri. Na katika mtihani wa mdomo msimamizi ndiye achague nani aeleze sehemu gani.

(d) Msimamizi apange vikundi vya watu wanne hadi sita, wakitoka idara tofauti inapowezekana. Ikome tabia ya kumpa binti kalamu aandike ripoti huku wavulana wakishika vyuma.

(e) Vifaa vya mradi vigharamiwe na chuo. Mwanafunzi asilazimike kununua mota kwa bumu, yaani mkopo wake wa kujikimu, kisha alale njaa. Karakana zifunguliwe jioni, na mafundi sanifu waajiriwe wa kutosha kuzisimamia.

Kwa Tume na Bodi: mnapokagua mitaala, msiishie kwenye jina la somo. Ombeni madaftari ya wanafunzi myasome. Kwa waajiri: leteni matatizo yenu, na mtoe mhandisi mmoja wa kukutana na timu angalau mara moja kwa mwezi. Kwa wanafunzi: anayekubeba leo hatakuwepo siku utakapotia saini mchoro wako wa kwanza.

4. AHADI YETU

Kuanzia mwaka ujao wa masomo, hakuna mwanachama wetu atakayesaini matokeo ya kikundi yenye alama moja kwa wote. Tutakusanya matatizo kutoka kwa wananchi na kuyagawa kwa chuo chochote kitakachoomba. Chuo kisicho na wasimamizi wenye uzoefu tutakipelekea wetu bila malipo.

Imetolewa na Kamati Tendaji kwa niaba ya wanachama,
Dar es Salaam.