Kabla ya kupanda juu ya paa

Makala yako kuhusu picha kupotea kwenye televisheni imeanzia mbali, kwenye dishi. Huku kwetu Komanda dekoda inategemea jenereta au sola, na kila saa watu wanachomoa na kuchomeka, basi waya wa nyuma ya televisheni unalegea. Bonyeza kwanza menyu kwa rimoti ya dekoda. Ikitokea kwenye kioo, waya ni mzima: tafuta kosa kwenye dishi au malipo ya mwezi. Isipotokea, bonyeza "Source" kwenye rimoti ya televisheni, uchague tundu lenye waya, HDMI 1 au 2. Kwa waya za rangi, njano ni picha, nyekundu na nyeupe ni sauti. Picha ipo, sauti hakuna? Kaza hizo mbili. Fundi aitwe baadaye, jamani.