Fununu za hisa: Akili ya kuambiwa, changanya na yako

MFANYABIASHARA wa Busia au Malaba si mgeni wa fununu. Bei ya mahindi upande wa Uganda, thamani ya shilingi ya nchi hizo mbili, msongamano wa malori mpakani. Yote humfikia kwa mdomo kabla ya kutangazwa popote. Mara nyingi habari hizo humfaa, kwa kuwa anaweza kuvuka mpaka akajionea.

Hisa ni bidhaa ya aina nyingine. Anayedokezewa kwenye mazungumzo ya intaneti kwamba kampuni fulani inakaribia kununuliwa hana gunia la kufungua wala samaki wa kukagua. Je, ni busara kwake kutoa fedha kwa tetesi hiyo?

Wakenya wana funzo lao. Mwaka 2006, hisa za KenGen zilizouzwa kwa Sh11.90 zilikaribia Sh40 mara tu zilipoingia sokoni. Hivyo, serikali ilipouza hisa bilioni 10 za Safaricom mwaka 2008 kwa Sh5 kila moja, ilivuma kwamba faida ingepatikana upesi vivyo hivyo. Wengine walikopa benki ili wanunue.

Waombaji walikuwa wengi mno, kila mmoja akagawiwa sehemu tu ya alichoomba. Juni mwaka huo bei ilivuka Sh7, kisha ikaporomoka, na mapema 2009 ilikuwa chini ya Sh3. Aliyekopa akitumaini faida ya wiki moja alibaki na deni. Hata hivyo, mwaka 2021 hisa hiyo hiyo ilivuka Sh40. Kampuni haikuwa mbaya. Kosa lilikuwa kuinunua kwa sababu tu jirani amenunua.

Jambo la pili ni nia ya msemaji. Mwaka 2000, wasimamizi wa masoko ya hisa nchini Marekani walimwandama mvulana wa miaka 15 wa jimbo la New Jersey. Alikuwa akinunua hisa za bei ya chini, kisha akizisifu kwenye intaneti kwa majina mbalimbali, na bei ilipopanda akiziuza. Alikubali kurejesha dola 285,000. Waliomwamini ndio waliokuwa wanunuzi wake.

Lakini je, fununu ikiwa ya kweli? Hapo tatizo huzidi. Mwaka 2018, kabla ya kampuni ya Rubis ya Ufaransa kutangaza azma ya kuinunua KenolKobil, hisa za KenolKobil zilinunuliwa kwa wingi usio wa kawaida. Mamlaka ya Masoko ya Mitaji (CMA) ilizifunga akaunti zilizoshukiwa. Sheria ya Kenya hairuhusu mtu kufanya biashara ya hisa kwa kutumia siri za ndani za kampuni.

Kwa hivyo, anayefuata tetesi yuko kati ya moto na maji. Ikiwa ni uongo, atapata hasara. Ikiwa ni siri ya kweli, huenda akajikuta matatani na sheria. Na ikiwa ni habari ambayo kila mtu anaifahamu, bei imekwisha kupanda.

Haimaanishi kwamba mwekezaji azibe masikio. Tetesi inaweza kumchochea asome hesabu za kampuni. Kampuni zilizo kwenye Soko la Hisa la Nairobi hulazimika kuchapisha matokeo yao, na faida inapotarajiwa kupungua kwa asilimia 25 au zaidi, sharti zitoe onyo mapema. Taarifa hizo humfikia mtu wa Malaba sawa na wa Nairobi.

Mchuuzi wa mpakani hapokei noti bila kuihesabu, hata ikitoka kwa rafiki. Akinunua hisa, azingatie desturi hiyo hiyo.