Picha ya Bega Ije Baada ya Swali

Mwaka 1995 madaktari wa Marekani walichapisha utafiti ambao kila anayeagiza picha za bega angepaswa kuujua. Waliwapima kwa MRI watu 96 wasiolalamika maumivu yoyote. Theluthi moja walikutwa na kano zilizochanika, kabisa au kwa sehemu, na kwa waliovuka miaka 60 ilikuwa zaidi ya nusu. Watu hao walikuwa wakianua nguo na kulalia bega lolote bila shida.

Toleo hili zima tumelitenga kwa ajili ya bega kwa sababu siku hizi wagonjwa wengi hufika na bahasha ya picha kabla mtu yeyote hajawashika bega. Mama wa miaka 65 husoma kwenye ripoti kwamba kano imechanika, akaingiwa na hofu, akaacha kuutumia mkono. Bega linakakamaa. Huenda mchaniko ule ulikuwapo miaka kumi nyuma, na maumivu ya sasa yana chanzo kingine kabisa. Kwa mgonjwa kama huyu, ambaye hakuanguka na ambaye mkono bado una nguvu, naona mazoezi ya fiziotherapia yatangulie na picha isubiri.

Lakini ipo dhuluma ya upande wa pili, nayo inaniuma zaidi. Fundi ameanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi. Eksirei inaonyesha mifupa mizima. Anapewa dawa za maumivu na kuambiwa arudi baada ya miezi kadhaa. Mkono hauinuki. Eksirei haionyeshi kano. Huonyesha kuvunjika, chokaa iliyojikusanya ndani ya kano, au kichwa cha mfupa wa mkono kilichopanda juu kwa sababu kano zilikatika zamani. Huku fundi akisubiri, kano iliyong'oka inazidi kujivuta kuelekea kwenye kombe la bega, msuli wake unanywea na kujaa mafuta, na mafuta hayo hayaondoki hata kano ikishonwa. Huyu anahitaji picha ndani ya siku chache.

Picha ipi? Hapa ninasema bila kusita: ultrasaundi kwanza. Kwa kano iliyokatika kabisa, mpimaji mzoefu huigundua karibu sawa na MRI, kwa bei ndogo zaidi, tena huiona kano ikitembea mgonjwa anapozungusha mkono. Udhaifu wake ni kutegemea mkono wa mpimaji. Ukiinamisha kifaa vibaya kidogo, kano nzima huonekana nyeusi kana kwamba imechanika. Kwa hiyo hospitali inayonunua mashine bila kumsomesha mpimaji imenunua nusu ya kipimo. MRI tuiweke kwa anayeandaliwa upasuaji, maana daktari mpasuaji lazima ajue kano imejivuta hadi wapi na msuli umebaki na uhai kiasi gani.

Ombi langu kwa wanaojaza fomu za kuomba vipimo ni moja. "Maumivu ya bega" peke yake haimwambii mpimaji kitu. Andikeni umri, alianguka au la, na lini. Mkono unainuka hadi wapi. Ni kano ipi mnayoishuku. Na kama jibu likiwa "imekatika", mtamfanyia mgonjwa nini ambacho msingemfanyia bila picha.