Injini ya marehemu baba haina kosa, kosa ni letu

Jamani, nimerudi. Nilikuwa nyumbani Sumbawanga karibu mwezi mzima, na kama mlidhani nilikuwa nakula ugali wa ulezi na kupunga upepo wa Ufipa, mmekosea. Muda mwingi nilikuwa chini ya gari. Na siku mbili kabla ya kuondoka niligombana na kaka yangu mbele ya mama, kwa sababu ya injini.

Ugomvi wenyewe ni huu. Marehemu baba alituachia Land Rover 109 ya mwaka 1978, ya petroli, lita 2.25. Kaka anataka kuitoa injini ya Mwingereza na kuweka dizeli ya Mjapani, ili abebe mpunga kutoka bonde la Ziwa Rukwa bila presha. Mimi nasema hapana. Injini ile ifufuliwe, na ifufuliwe vizuri. Mama akasema tunapigana juu ya kaburi la mtu, akaenda jikoni.

Najua wengi wenu mko upande wa kaka. Kila kijiwe cha mafundi utakachokwenda utaambiwa hivyo hivyo: Land Rover bodi nzuri, chesisi nzuri, injini bure kabisa, tupa. Oktoba 2024 Arusha walikusanya Land Rover kwa mamia ili kuvunja rekodi ya magari 632 iliyowekwa Ujerumani mwaka 2018. Nilifurahi kama Mtanzania mwingine yeyote. Lakini nilijiuliza: tukifungua boneti zote zile, ni ngapi tutakuta bado zina moyo wake wa kuzaliwa?

Haya, tuanze na hilo la "haina nguvu".

Injini ile ilianza kutumika mwaka 1958 kwenye Land Rover za Series II. Silinda nne, bloku ya chuma, ujazo wa sentimita za ujazo 2,286, nguvu farasi takribani 70. Sasa 70 hizo zinapimwa kwenye usawa wa bahari. Sumbawanga iko kiasi cha mita 1,800 juu. Huko kwetu hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo inavuta kile kinacholetwa na hewa tu. Unapoteza karibu moja ya sita ya nguvu kabla hata hujatoka getini! Kwa hiyo ile 109 yenye farasi 70 vitabuni, Ufipa ina kama 58. Hapo bado hujapakia magunia, na injini iwe mpya.

Ya baba haikuwa mpya. Tulipopima kompresheni, silinda ya kwanza ilisoma paundi 110, ya pili 105, ya nne 100. Ya tatu ilisoma 60. Gari lilikuwa linatembea kwa miguu mitatu, halafu tunalaumu Uingereza.

Hapa lazima nikiri kosa langu, maana kama nitawanyoshea wengine kidole bila kujinyoshea mimi, huu utakuwa uandishi wa kinafiki. Mwaka juzi nilituma hela ya ovahoo kutoka Dar. Laki tisa. Injini ikashushwa, bloku ikapelekwa Mbeya kwenye karakana moja, silinda zikachongwa saizi 40. Pistoni nikanunua mimi Kariakoo baadaye, kwenye boksi zuri limeandikwa saizi 40. Kila kitu kikafungwa. Gari likawaka, tukapiga picha, nikajiona bingwa.

Baada ya miezi mitatu linakula oili kama mlevi wa mbege. Asubuhi likiwa baridi pistoni zinagonga kwenye kuta za silinda, kwa-kwa-kwa, mpaka jirani anauliza kuna nini. Moshi wa bluu. Kaka akanipigia simu: "Mwandishi, njoo uandike habari ya injini yako."

Ndiyo maana safari hii nilikwenda mwenyewe. Nikampata mzee mmoja aliyejifunza kazi kwenye karakana ya serikali miaka ya 1970. Hana gereji ya maana, ana mwembe na meza. Lakini ana maikromita, ameifunga kwenye kitambaa kama mtu anavyofunga hirizi. Akazitoa pistoni zangu za Kariakoo, akazipima moja moja, akaniandikia namba kwenye kipande cha boksi. Hazikuwa sawa! Mbili zilikuwa ndogo kuliko wenzake, na pengo kati ya pistoni na silinda lilikuwa karibu mara mbili ya linalotakiwa.

"Mwanangu," akaniambia, "ulinunua suruali baada ya kukatwa miguu."

Hilo ndilo somo la kwanza, na wanaofufua magari ya zamani popote duniani wanalijua: pistoni inakuja kwanza mkononi, inapimwa, ndipo silinda inachongwa kuifuata. Sisi tulichonga kwanza tukatafuta pistoni baadaye, tukaamini maandishi ya boksi. Na saizi 40 ndiyo ya mwisho kwa injini ile. Ukishaiharibu hapo huna pa kwenda, isipokuwa kuweka slivu mpya na kurudi saizi ya kiwandani. Ndicho tulichofanya, shilingi milioni moja na laki sita. Nimelipa mimi. Mwalimu wa ujinga hutoza ada kubwa.

Wenzetu Uingereza wana gari lao la michezo linaitwa MGB, lilitengenezwa kuanzia mwaka 1962 hadi 1980. Ukisikia gari la michezo unafikiri kuna maajabu ndani. Hamna. Silinda nne, bloku ya chuma, lita 1.8, valvu zinasukumwa na fito kutoka kwenye kamshafti iliyoko chini, ndugu kabisa wa mambo yaliyomo ndani ya 109 ya baba. Hata krankishafti zina historia moja: MGB ilianza na mein beringi tatu ikapewa tano mwishoni mwa mwaka 1964, na Land Rover ya 2.25 ilianza na tatu ikapewa tano mwaka 1980. Tofauti kubwa iko kwa mwenye gari. Yule wa MGB akitaka gari lake lichangamke barabarani haanzi kwa kulitupa injini. Anaanza kwa kupima, kusawazisha na kuondoa vizuizi vya hewa. Nguvu nyingi anayoitafuta ipo tayari ndani, imelala.

Tukafanya hivyo hivyo chini ya mwembe.

Kwanza uzito. Pistoni nne na konrodi nne zinatakiwa zilingane, maana zikipishana injini inatetemeka na beringi zinaumia. Tulizipima kwa mizani ya mnunuzi wa dhahabu, mzee akawa anapunguza kwa tupa chembe kwa chembe sehemu isiyobeba mzigo. Yule mwenye mizani alicheka sana, anasema hajawahi kupimishwa chuma.

Pili hedi. Injini hizi zilitoka na hedi za aina mbili, ya mgandamizo wa 7 kwa 1 kwa nchi zenye petroli mbovu, na ya 8 kwa 1. Yetu ilikuwa ya 7. Hebu fikirini: gari linaishi mita 1,800, hewa haitoshi, halafu hata hiyo kidogo tunaigandamiza kidogo! Tukapata hedi ya 8 kwenye gari bovu Mbeya. Hatukuamini maneno ya muuzaji, tulishaungua. Mzee akaweka kipande cha plastiki ngumu chenye tundu juu ya kila chumba cha moto, akajaza oili nyepesi kwa bomba la sindano la dukani, anahesabu mililita. Vyumba vyote vinne vikalingana. Hapo ndipo akakubali. Hiyo hairudishi nguvu zote zilizoibwa na mwinuko, lakini inarudisha sehemu, na kwenye mlima sehemu hiyo unaisikia.

Tatu njia za hewa. Valvu zikasagwa mpaka zikakaa vizuri kwenye siti zake. Pale manifoldi inapokutana na hedi tulikuta gasketi imeingia ndani ya tundu, inazuia hewa kama mlango ulioachwa nusu. Ikakatwa. Nne kabureta: ukiwa juu kama Ufipa, jeti ya pwani inamwaga petroli nyingi kuliko hewa iliyopo, plagi zinakuwa nyeusi na hela inatoka kwa ekzosi. Tukaweka jeti ndogo. Bolti za hedi zikakazwa kwa spana ya kupimia na kwa mpangilio, si kwa "kaza mpaka usikie". Tapeti zikawekwa pengo la milimita 0.25. Kilomita za kwanza 800 taratibu, bila mzigo, halafu oili ikabadilishwa.

Mnaona? Hakuna kamshafti ya mashindano, hakuna kabureta mbili, hakuna uchawi. Na jina lenyewe la mji wetu wanasema maana yake ni tupa uchawi.

Halafu tukaenda kwenye mtihani. Barabara ya Ntendo kwenda Muze inashuka kutoka uwanda wa juu hadi bonde la Rukwa, karibu mita 1,000 kwenda chini. Kushuka kila mtu anashuka. Tulirudi na magunia 10 ya mpunga. Zamani baba alikuwa anasimama mara mbili kupoza rejeta, tunashuka tunaweka mawe nyuma ya tairi. Safari hii gia ya pili, mara nyingine ya tatu, hatukusimama. Kaka ndiye aliyekuwa anaendesha. Hakusema kitu mpaka juu. Pale juu akasema, "Sawa, inavuta."

Lakini hakubadili msimamo! Na hapa niwe mkweli, hoja yake ina uzito. Petroli lita moja gari hili linakwenda kilomita sita likiwa na tabia nzuri. Dizeli ya Mjapani itakwenda mbali zaidi kwa lita, na spea zake zinapatikana hata kwenye miji midogo. Mtu anayelisha watoto kwa gari hawezi kula historia ya Solihull. Anayebadilisha injini kwa hesabu hizo, huku akikumbuka kwenda TRA kurekebisha namba ya injini kwenye kadi, mimi simlaumu.

Ninayemlaumu ni anayebadilisha kwa sababu ameambiwa injini ya Mwingereza "ndivyo ilivyo". Maana fundi aliyeifunga ya Mwingereza bila kupima ndiye huyo huyo atakayeifunga ya Mjapani bila kupima. Leo ni mpya kutoka Japani, inavumilia. Kesho ikifika zamu yake ya ovahoo itakufa kifo kile kile, kwa pistoni ya boksi zuri, na tutasema Mjapani naye siku hizi hovyo. Tutatafuta ya Mchina.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba sisi Wafipa ndio tunaambiana hivi. Babu zetu walijenga malungu, matanuru ya udongo yenye urefu kama mita tatu, yakavuta hewa yenyewe bila mivukuto kwa sababu ya urefu wake na matundu ya chini. Chuma kilichotoka wakakisafisha tena kwenye tanuru dogo la mivukuto, ndipo wakafua majembe. Mwanaakiolojia Bertram Mapunda na wenzake wameyachunguza mabaki yake, na mengine yangali yamesimama. Watu wale walijua hewa ya uwanda huu kuliko sisi tunaojaza petroli. Kazi yao ilizimika karne ya 20, majembe ya viwandani yakiwa yamejaa sokoni. Hakuna aliyewashinda kwa ustadi. Walishindwa kwa bei, halafu ustadi ukasahaulika wenyewe.

Mzee wa maikromita ana miaka zaidi ya 70. Vijana watatu wanashinda pale kwake, wanajua kushusha injini kwa saa mbili, nimewashuhudia. Nilipowauliza kama wanaweza kusoma maikromita, mmoja alicheka akasema hiyo ni ya mzee. Hapo nilisikia baridi, na haikuwa ile ya Juni. Vyuo vya VETA na wenye gereji wakitaka kufanya jambo moja tu mwaka huu, wamfundishe kila kijana kupima kabla ya kukata. Na sisi wenye magari tulipie muda wa kupimwa, tusimharakishe fundi kama mimi nilivyoharakisha kwa simu kutoka Dar.

Kuhusu gari, tumekubaliana likae na injini yake mpaka msimu wa mpunga uishe. Kaka ataandika kila lita na kila gunia kwenye daftari, nami nitakubali hesabu itakavyosema. Nimemwachia zawadi ya maikromita, mpya. Amesema hajui kuisoma. Nikamwambia mzee yuko palepale chini ya mwembe, aende kabla hajachelewa.

Naomba kuwasilisha.