Aangukaye Mkarafuuni ni wa Nani?



Kila msimu ukikaribia twashughulika na mikeka, magunia na bei ya kuchuma pishi moja. Lakini jambo moja twaliacha kando: mchumaji akianguka, nani atalipa matibabu yake, na nani atawalisha watoto wake? Mkarafuu ni mti mrefu, na matawi yake hukatika upesi.

Mwenye shamba husema, "Mimi nimekwisha kukodisha." Mkodi husema, "Huyu si mtumishi wangu, namlipa kwa pishi." Mchumaji naye hana karatasi yoyote mkononi. Basi mzigo wote huwa wa mkewe.

Tutazame Heru Juu, huko Kasulu, katika milima ya Kigoma. Zamani za ukoloni vijana wengi wa nchi hiyo ya Waha walikwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, wakaitwa manamba. Mwaka 1944 wenye mashamba hayo waliunda ofisi yao ya kuandika watu, SILABU. Sisi hatusifu unamba: mshahara ulikuwa mdogo, na aliyetoroka aliweza kushitakiwa. Hata hivyo mkataba wake ulionyesha bwana wake ni nani, na nauli, posho na dawa ni juu ya nani. Ni aibu mchumaji wetu wa leo, aliye mtu huru, awe na karatasi pungufu kuliko namba wa zamani.

Wala tusidhani kuwa kumwita mtu "wa kandarasi" kwatosha kutuokoa. Huko Bara, Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 yasema kwamba mtu anayepangiwa saa za kazi, au anayepewa vyombo vya kazi, huhesabiwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vingine, hata mkataba ukiandikwaje. Sisi Visiwani tuna sheria zetu za kazi, lakini hoja hiyo ni ya haki popote.

Shauri letu ni hili. Kwanza, wachumaji wajiunge katika chama cha ushirika kilichosajiliwa. Mtu peke yake, deni la kazi yake hufika mpaka kwenye nyumba yake. Chama kilichosajiliwa kina nafsi yake mbele ya sheria, chaweza kutia sahihi, kudai na kudaiwa. Pili, pawe na mkataba wa maandishi baina ya chama hicho na mwenye shamba au mkodi. Tatu, ikatwe bima mbili kabla mtu hajapanda mti: moja ya ajali, imfae mchumaji na watu wake, nyingine ya kumkinga mwenye shamba akidaiwa fidia. Mwenye mti na mchumaji wachangie kidogo kidogo kwa kila pishi.

Wako watakaosema gharama zimezidi. Twauliza: mbona gharama ya gunia hatuisahau? Msaada anaopewa aliyeanguka ni jambo la shukurani, lakini msaada huombwa, na haki hudaiwa.

Wazee walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Na wachumaji wetu je, waishe bila habari? Twaomba jambo hili liwekwe mbele ya mkutano mkuu kabla ya msimu kufunguliwa.